Mchango wa Mgonjwa kwa Simu: Nani Anashika Daftari?



Bila shaka yamekwishakupata. Unaamka asubuhi, unafungua simu, unakuta umeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Hukuombwa ruhusa. Juu kabisa kuna picha ya mtu amelala kitandani, ana mipira puani, macho ameyafumba. Chini yake maneno: "Ndugu yetu anahitaji msaada wenu wa haraka, hakuna mchango mdogo," halafu namba ya simu. Unamfahamu kwa mbali, alikuwa kidato kimoja nyuma yako. Unafanyaje? Unatuma elfu mbili na kutoka kimyakimya? Unasubiri kwanza uone wenzako wametoa ngapi? Au unajiuliza moyoni: hii ni kweli, au ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Katika somo letu la leo tutazungumzia jambo hili la kuchangishana kwa simu na mitandao ya kijamii, hasa pale afya ya mtu inapohusika. Tutamtazama pia ndugu yake wa karibu, yaani kukusanya si fedha bali taarifa, kazi na maarifa ya watu wengi wasiofahamiana. Yote mawili yana nguvu kubwa. Yote mawili yanaweza pia kumuumiza yule yule tunayetaka kumsaidia, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

JE, NI JAMBO JIPYA?

Hapana. Sisi Watanzania hatuhitaji mtu wa Marekani aje kutufundisha kuchangishana. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kadi za mchango, kuna ahadi, na kuna yule mjumbe anayekupigia simu kukukumbusha ahadi yako mpaka unaona aibu kupita mtaani kwake. Msibani kuna daftari, na jina lako linaandikwa pamoja na kiasi ulichotoa. Jirani zetu Wakenya wana harambee, neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa baada ya uhuru wa mwaka 1963 na ambalo limo kwenye nembo ya nchi yao. Shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa njia hiyo.

Hata huko Marekani ni jambo la zamani. Wafaransa walipowapa Wamarekani Sanamu ya Uhuru, makubaliano yalikuwa kwamba Wamarekani wenyewe wajenge msingi wa kuisimamishia. Fedha zikaisha kazi ikiwa katikati. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la New York World, akawaomba wasomaji wake wachange, na akaahidi kwamba kila atakayetoa, hata kama ni senti chache, jina lake litachapishwa gazetini. Katika muda wa miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000. Wengi wao walitoa chini ya dola moja. Tafadhali liweke akilini jambo hilo la majina kuchapishwa, maana tutalirudia.

Kilicho kipya basi ni nini? Ni kasi na umbali. Zamani mchango uliishia pale miguu ya mjumbe ilipoishia. Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, mtu aliye Tunduma anaweza kumchangia mgonjwa aliye Bukoba akiwa bado amekaa kwenye daladala. Ukiunganisha pesa za simu na mitandao ya kijamii, unapata harambee isiyo na ukumbi.

Nguvu yake ilionekana mwaka 2011 wakati ukame mkali ulipoikumba kaskazini mwa Kenya. Mwezi Julai, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na makampuni na vyombo vya habari walianzisha kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi za Kenya milioni 500 kwa wiki nne. Watu wa kawaida wakatuma kwa simu zao, kidogo kidogo, na lengo likavukwa. Mwaka uliofuata, 2012, ikaanzishwa nchini Kenya M-Changa, huduma maalumu ya kuendesha harambee kwa simu.

NDOO YA BARAFU

Huenda ulikuwa mdogo mwaka 2014, lakini pengine umeona zile video. Mtu anajimwagia ndoo ya maji yenye barafu, anapiga kelele, kisha anawataja wenzake watatu nao wafanye vivyo hivyo ndani ya saa 24 au watoe fedha. Wengi walidhani ni mchezo tu. Nyuma yake palikuwa na ugonjwa mbaya unaoitwa kwa kifupi ALS. Ugonjwa huu huua neva zinazoendesha misuli: mgonjwa anaanza kushindwa kushika kikombe, baadaye kutembea, kuongea, kumeza, mwisho kupumua. Waliousukuma mchezo huo ukaenea ni vijana wawili waliokuwa wanaugua, Pete Frates, aliyekuwa mchezaji wa besiboli kule Boston, na Pat Quinn wa New York.

Video zaidi ya milioni 17 ziliwekwa kwenye Facebook. Chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115 kwa wiki nane. Sehemu ya fedha hizo ilisaidia utafiti ambao mwaka 2016 ulitambua jini moja, NEK1, linalohusiana na ugonjwa huo. (Jini la kwenye chembechembe za mwili, siyo lile la bibi yako!) Sehemu nyingine ilisaidia kutengeneza dawa iliyoruhusiwa Marekani Septemba 2022. Lakini jaribio kubwa zaidi lilipofanyika, dawa haikuonyesha kuwasaidia wagonjwa, na mwaka 2024 kampuni ikaiondoa sokoni. Pete Frates alifariki Desemba 2019, Pat Quinn Novemba 2020.

Nakueleza yote haya kwa sababu watu wanaosimulia habari ya ndoo ya barafu kwa kawaida huishia kwenye zile dola milioni 115. Fedha zilifanya kazi ya maana, ila hazikununua uponyaji. Tena mwaka 2015 walipojaribu kurudia mchezo ule ule, kilichopatikana kilikuwa sehemu ndogo sana ya kile cha mwanzo. Watu walishaona, walishacheka, wakahamia kwingine.

SASA TUJE KWETU

Tuseme mwenzenu wa klabu amepata ajali ya bodaboda. Mguu umevunjika vibaya, anahitaji kuwekewa chuma, na familia haina uwezo. Nyinyi ni vijana kumi na wawili, mna simu, mna moyo. Mnaanzia wapi?

Wengi huanzia kwenye picha. Mimi nakuomba uanzie kwa mgonjwa mwenyewe. Ana fahamu? Anaweza kuongea? Basi muulize: "Tungependa kukuchangishia, unaridhia? Tuwaeleze watu nini, na nini tusiseme?" Kama hana fahamu au ni mtoto, muulize mzazi au mlezi. Hili linaonekana dogo, lakini wapo wagonjwa waliojifunza habari za ugonjwa wao kutoka kwa mtu aliyekuja kuwapa pole! Watu walishasoma kwenye kundi kabla daktari hajazungumza na mgonjwa vizuri.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo inayoweza kuokoa fedha nyingi: nendeni hospitali mkaulize. Dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Haifai mtu kuchangiwa kwa ajili ya hizo. Kwa sera yetu ya afya, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wana msamaha wa malipo katika vituo hivyo. Ni kweli, kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anajua kwamba sera ni kitu kimoja na kuambiwa "dawa hiyo hapa hakuna, kanunue nje" ni kitu kingine. Hata hivyo, ulizeni. Hospitali za wilaya, mikoa na rufaa zina ofisa ustawi wa jamii. Kazi yake mojawapo ni kusikiliza wagonjwa wasio na uwezo na kupendekeza wapewe msamaha wote au nusu. Mnaweza kukuta deni mlilodhani ni la milioni mbili limepungua kabla hamjamsumbua mtu yeyote.

Kinachobaki ndicho mchange. Pateni makadirio yaliyoandikwa na hospitali, yenye jina la mgonjwa na tarehe. Msikadirie wenyewe kwa kusikia. Halafu ongezeeni yale yasiyoandikwa kwenye karatasi za hospitali: nauli, chakula cha anayemuuguza, magongo, kurudi kliniki baada ya wiki sita. Wachangishaji wengi husahau nauli, na mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mzuri anashindwa kurudi kliniki kwa kukosa elfu kumi na tano.

NANI ASHIKE FEDHA?

Hapa ndipo urafiki mwingi ulipokufa, kwa hiyo tuseme wazi. Fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja anayeiona peke yake. Hata kama ni mwaminifu kama malaika. Mwaminifu naye hupatwa na shida, mtoto wake huugua, kodi ya nyumba hufika, naye hujiambia "nitarudisha Ijumaa". Ijumaa haifiki.

Chagueni watu watatu. Mmoja ashike laini au akaunti, wa pili aandike daftari, wa tatu awe na haki ya kuona salio wakati wowote. Kama hamjafikisha miaka 18, shirikisheni mtu mzima anayeheshimika, kama vile mwalimu mlezi wa klabu au mzee wa kanisa au msikiti. Kila jioni yule wa daftari aweke kwenye kundi orodha ya walioingiza, na kile kilichotoka kimekwenda wapi. Umeona? Ni Pulitzer yule yule wa mwaka 1885, na ni katibu yule yule wa kamati ya harusi. Mtu akiona jina lake limeandikwa sawasawa, hata kama ni shilingi 500, anaamini, na anamwambia mwenzake. Asiyetaka jina litajwe, aandikwe "msamaria" na kiasi chake.

Ikiwezekana, fedha ziende hospitali moja kwa moja. Hospitali za serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiilipia, fedha haipiti mkononi mwa mtu, na risiti inatoka. Ipigeni picha risiti hiyo, futeni namba ya jalada la mgonjwa, iwekeni kwenye kundi.

Lipo swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza mapema: hela ikibaki je? Na kama, Mungu apishe mbali, mwenzetu akifariki kabla fedha hazijatumika? Vijana huona ni mkosi kulitaja. Lakini lisipotajwa siku ya kwanza, litatajwa siku ya matanga, kwa sauti kubwa, baina ya baba wadogo na wajomba. Andikeni tangu mwanzo, mstari mmoja tu: "Fedha zitakazobaki zitapelekwa kwa mlezi wa watoto wake," au "zitalipia mgonjwa mwingine wodi hiyo hiyo," vyovyote mtakavyokubaliana na familia.

PICHA NA SIRI

Tunarudi kwenye ile picha ya mtu mwenye mipira puani.

Najua kwa nini inawekwa. Picha inavuta huruma, na huruma inavuta hela. Lakini hebu jiweke wewe pale kitandani. Shuka limeteremka, kifua kiko wazi, mate yanakutoka. Mtu aliyekupenda darasani anaiona. Bosi wako mtarajiwa ataiona miaka mitatu ijayo. Mtoto wa miaka minne aliyepigwa picha tumbo limevimba atakuwa na miaka 14 siku moja, na wenzake wa darasani watakuwa na simu. Picha ikishatumwa kwenye kundi la watu mia mbili, huwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuikusanya.

Tumieni picha ya mwenzenu akiwa mzima, amevaa shati lake zuri, anacheka. Inachangisha. Inawakumbusha watu ni nani tunayemtaka arudi.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, elezeni kile tu ambacho mchangiaji anahitaji kujua ili aamini. "Amevunjika mguu, anahitaji upasuaji" inatosha. Matokeo ya vipimo, dawa anazotumia, ujauzito, alikuwa na nani kwenye ile pikipiki: hayo si ya umma. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa hadharani matokeo ya kipimo cha VVU cha mtu bila ridhaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Nia njema haifanyi siri ya mtu kuwa mali yenu. Msichana aliyechangiwa elfu themanini na mtaa mzima ukajua ana nini, ametozwa bei kubwa mno kwa elfu themanini.

Mkitaka mfano wa tangazo, huu hapa. Uchukueni, mbadilishe mtakavyo:

"Ndugu na marafiki, mwenzetu (jina) wa klabu ya vijana alipata ajali tarehe 3 mwezi huu. Yuko hospitali ya mkoa, anaendelea kupata nafuu, ila anahitaji upasuaji wa mguu. Baada ya kuzungumza na ustawi wa jamii, kinachohitajika ni shilingi 640,000 pamoja na nauli za kliniki 60,000. Yeye mwenyewe ameridhia tuwaombe. Tuma kwa namba hii. Kabla ya kuthibitisha, jina litakalotokea ni la (jina la mshika fedha). Orodha na risiti zitawekwa hapa kila siku saa 2 usiku. Mwisho wa mchango ni tarehe 20. Tafadhali msitume picha za wodini."

Ni fupi, lakini ina tarehe ya kuanza, ya mwisho, kiasi, ridhaa na jina la mshika fedha. Tangazo lisilo na tarehe huzunguka mwaka mzima. Watu wanaendelea kutuma hela kwa ajili ya mgonjwa aliyekwisha pona na kuoa!

WAKATI WEWE NDIYE UNAYEOMBWA

Kuwa na huruma si kuwa mjinga. Mwezi Novemba 2017 huko Philadelphia, Marekani, mwanamke mmoja na mpenzi wake walisimulia mtandaoni kwamba gari lake liliishiwa petroli usiku, na mtu asiye na makazi akatumia dola zake 20 za mwisho kumnunulia. Waliomba dola 10,000 za kumsaidia yule bwana. Kisa kilikuwa kitamu, kikasambaa, na watu wapatao 14,000 wakatoa zaidi ya dola 400,000. Mwaka 2018 ukweli ukatoka. Hakukuwa na petroli wala dola 20. Watatu hao walikuwa wanafahamiana, hadithi waliitunga, na fedha nyingi zilikwenda kwenye gari, safari na kamari. Wote watatu walikiri makosa mahakamani, na kampuni iliyoendesha mchango huo, GoFundMe, ikawarudishia watu fedha zao.

Utaona kwamba walidanganywa si kwa ujinga. Walidanganywa kwa sababu kisa kilikuwa na mwanzo, kati na mwisho kama filamu. Shida za kweli kwa kawaida zina fujo zaidi: tarehe zinapishana, ndugu hawakubaliani, makadirio yanabadilika. Kwa hiyo usimshuku mtu kwa sababu habari yake haijanyooka. Piga simu. Uliza ni wodi gani, nani anamuuguza. Tafuta mtu mmoja unayemfahamu anayeweza kuthibitisha kwa macho yake. Tazama jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na lililotangazwa, simama hapo hapo. Na kama ni tapeli, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, toa taarifa polisi. Kumtukana kwenye kundi hakutoshi.

Na ukiwa huna, huna. Usikope ili kuchanga, usidanganye kwamba umetuma. Kwenda kumfulia mgonjwa nguo Jumamosi ni mchango ambao hakuna anayeuandika kwenye orodha, lakini muulize anayemuuguza kama hauhesabiki.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba mitandao ina upendeleo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa michango ya matibabu karibu 437,000 iliyofanywa kupitia GoFundMe kati ya 2016 na 2020. Iliyofikia lengo ilikuwa chini ya 12 kwa kila 100. Waliopata zaidi walikuwa wale ambao tayari wanaishi kwenye sehemu zenye fedha. Mwenye marafiki wenye kazi anachangiwa. Bibi kizee wa kijijini asiye na simu haonekani kabisa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kuchangishana hakuwezi kuchukua nafasi ya bima ya afya. Harusi tunaweza kuipanga. Kiharusi hakikupi miezi sita ya vikao.

KUCHANGA KISICHO HELA

Tulisema kuna ndugu yake: kukusanya nguvu za wengi. Mfano ulio karibu ni damu. "Inahitajika damu haraka, kundi O, hospitali fulani" ni ujumbe unaookoa maisha, mradi una tarehe, jina la hospitali na unafutwa ikishapatikana. Kwa kawaida anayekwenda kuchangia kwa ajili ya mgonjwa si lazima awe na kundi sawa na lake. Damu yako inaingia benki ya damu, na mgonjwa anapewa inayomfaa. Uwe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, na uwe mzima wa afya. Wanaume wanaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, wanawake kila baada ya miezi minne. Haiuzwi wala hainunuliwi. Ukiombwa hela ya damu, uliza maswali.

Taarifa nazo huchangwa. Kenya ilipoingia kwenye vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wachache, miongoni mwao Ory Okolloh na Juliana Rotich, walitengeneza Januari 2008 programu iitwayo Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe kusema kimetokea nini na wapi, nao ukaonekana kwenye ramani. Tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, Haiti, tarehe 12 Januari 2010, programu hiyo hiyo ilitumika. Watu waliokwama walituma ujumbe kwa namba 4636. Wahaiti walioko ughaibuni wakautafsiri kutoka Kikrioli, na wanafunzi wa Boston wakauweka kwenye ramani. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya Kenya kikawasaidia watu wa upande wa pili wa bahari.

Na hapa kwetu, mkoani Mara? Wasichana wanaokimbia kukeketwa, hasa mwezi Desemba shule zikifungwa, hupokelewa katika nyumba salama ya Mugumu, wilaya ya Serengeti, inayoongozwa na mama Rhobi Samwelly, ambaye naye alikeketwa akiwa msichana. Ugumu mmoja ulikuwa huu: msichana anapiga simu usiku, anataja kijiji, na kijiji hicho hakimo kwenye ramani yoyote. Gari litakwenda wapi? Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Crowd2Map umewakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi ambao hutazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba moja moja. Kisha vijana wa vijijini, wakiwa na simu zao, huongeza yale ambayo setilaiti haiyajui: jina la kitongoji, shule, zahanati, njia ipi inapitika wakati wa mvua. Mtu aliye Uingereza anaweza kuona paa. Ni wewe tu unayejua kwamba paa lile ni la zahanati.

Mipaka ipo hapa pia. Kundi la watu mia mbili linaweza kuchora barabara vizuri kuliko mtaalamu mmoja, kwa sababu kila mmoja anaijua ya kwake. Haliwezi kukupima. Ukiandika "nimetokwa na vipele, ninywe nini?" utapata majibu arobaini, matatu yana akili, na huna namna ya kujua ni yapi. Nenda kituo cha afya.

ZOEZI LA KLABU

Kaeni wawili wawili. Mmoja awe mgonjwa, mwingine mchangishaji. Mchangishaji aandike tangazo la kwanza linalomjia akilini, bila kutazama mfano wetu wa juu, kisha amsomee mgonjwa kwa sauti. Mgonjwa ashike kalamu na akate kila neno ambalo asingependa mama mkwe, mwalimu au mpenzi wake alisome. Hesabuni yamebaki maneno mangapi, na mwone kama mtu asiyewafahamu bado anaweza kuchanga kwa yaliyobaki. Halafu mbadilishane nafasi.

Baadaye, wote kwa pamoja, jadilini: katika mtaa au kijiji chenu, ni nani angeugua leo na asichangiwe na mtu yeyote kwenye simu? Andikeni majina hayo kwenye daftari la klabu, lisitoke nje ya klabu, na mkubaliane nani atakwenda kuwajulia hali wiki hii.